Breki Iliyopona Usiku

Dereva wa Canter iliyobeba mabati kutoka Kigali alishuka msitu wa Nyungwe jioni, na kabla hajafika Gisakura pedali ikaanza kuzama. Akaikanyaga mpaka sakafuni, akaipampu harakaharaka, gari likapunguza mwendo. Wakaegesha pembeni, tandiboi akaweka jiwe mbele ya tairi, wakapumzika. Walipoondoka pedali ilikuwa imekaza kama kawaida.

Asubuhi, mjini Kamembe, akaenda kwa fundi. Fundi akalizungusha gari uwanjani, akakanyaga, likasimama papo hapo. Akaingia uvunguni: hakuna bomba linalovuja, viatu vya breki havijaisha. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimepungua kidogo, akajaza. "Mzee, breki iko sawa, nenda tu."

Fundi hakudanganya. Breki ilikuwa sawa kweli, kwa kuwa ilikuwa imelala usiku kucha na kupoa. Ila ugonjwa wake ulikuwa wa joto, na hakuna aliyemwambia fundi habari za Nyungwe. Dereva alisema tu, "Angalia breki."

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishalewa maji, kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. Kwenye mteremko mrefu, gari lenye mzigo likishikiliwa kwa breki peke yake, joto la magurudumuni hupanda mpaka mafuta yakatokota. Hapo hutokea mvuke, na mvuke hubanika: mguu unakandamiza mvuke, nguvu haifiki kwenye viatu. Joto likishuka, mvuke hugeuka tena kimiminika na ushahidi unapotea. Kujaza kikopo juu hakusaidii, maana mafuta mabovu yako chini, kwenye silinda za magurudumu. Yanatakiwa yatolewe yote, yawekwe mapya, kisha upepo utolewe gurudumu moja baada ya jingine.

Kutoka Kamembe kwenda Bugarama barabara inaporomoka kuelekea bonde la mto Rusizi, kwenye mita 950 hivi, chini kuliko kokote Rwanda; ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460. Dereva akatia frii ili abane dizeli. Pedali ikazama tena, na safari hii hapakuwa na sehemu tambarare ya kusubiria. Akajaribu kurudisha gia, ikalia ikakataa. Akaligongesha gari kwenye ukingo upande wa mlima, uamuzi pekee wa busara alioufanya siku hiyo. Mabati yakasukuma kichwa cha gari, na tandiboi akavunjika mguu. Dizeli aliyoibana isingejaza chupa ya soda.

Laiti angeshuka na gia ileile ambayo angepandia, injini ingebeba kazi kubwa na breki ingekanyagwa kwa vipindi.

Si kila breki inayogoma mlimani ina ugonjwa huo. Pedali ikiwa ngumu, gari likakataa kusimama na harufu ya kuungua ikajaa, ni viatu au pedi zimepata moto kupita kiasi. Mafuta huenda hayana kosa. Ikizama polepole hata gari likiwa limepoa na limesimama, tafuta panapovuja, na usipopaona, shuku mipira ya masta silinda. Na wale matandiboi wanaomwagia dramu maji yakafuka moshi, wanashangiliwa bure: chuma cha moto kikipoozwa ghafla hupasuka.

Canter ilipovutwa hadi Kamembe, fundi alifungua nati ya upepo ya gurudumu la nyuma. Yalitoka mafuta meusi kama kahawa. Tangu hapo, mtu akimletea gari na kusema "angalia breki", hagusi spana kabla ya kumuuliza: ilianza kuzama wapi, ulikuwa umeteremka kwa muda gani, na ulikuwa gia ya ngapi?