Mapendo Yasiyo na Madai

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo kutoka Unguja, mwaka 1868, walishika kazi ya kuwakomboa watumwa. Kwa sadaka za waumini wa Ulaya waliwalipia watu wazima na hasa watoto, wakawapa makao, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, wala hatutaki kuipunguza.

Walakini wanahistoria wametuonyesha na upande wa pili. Waliokombolewa waliishi chini ya sheria kali, kazi ya shamba ilikuwa nyingi, na baadhi yao walitoroka. Hapo lazuka swali lisilozeeka: je, aliyekombolewa kwa fedha ana uhuru wa kumwambia mkombozi wake, "Hapana"?

Swali hili si la misioni peke yake. Limo nyumbani mwetu. Baba amwambia kijana wake, "Ada nimelipa mimi!" Mume amwuliza mkewe, "Nani akulishaye?" Mama mwenye nyumba amkumbusha binti aliyemtoa kijijini, "Nilikuokota huna hata kanga." Wahenga walilipa jambo hili jina lake: masimango.

Twadhani ukali ni fimbo na kofi tu. Sivyo. Kwanza mtu huuandika wema wake moyoni kama deni. Kisha hulidai kwa maneno. Na mdaiwa asipolipa kwa utii, mkono huinuka. Tena yule apigaye mara nyingi hujiona ndiye aliyeonewa, maana alitoa asilipwe. Kwa hiyo haitoshi kuiweka fimbo chini. Yatupasa kulifuta deni lenyewe. Bwana wetu alitufundisha haya kwa mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa mno, kisha akatoka na kumkaba mwenzake kwa deni dogo.

Labda mtu atauliza: basi, mtoto asikanywe? Na akanywe! Lakini aambiwe, "Jambo hili litakudhuru," asiambiwe, "Umesahau niliyokutendea?" Neno la kwanza lamtafutia mtoto mema yake, la pili ladai malipo. Na binti atumikaye nyumbani apewe kwanza mshahara wake, kwani ujira ni haki yake, haugeuzwi kuwa fadhili. Kupenda bila sharti si kuacha mambo yaharibike. Ni kumtakia mtu mema hata asipotupa tulichokitazamia.

Bagamoyo ina ukumbusho mwingine. Vita vya Abushiri vilipozuka mwaka 1888, misioni ileile ilipokea maelfu ya wakimbizi waliokimbia mapigano. Hao hawakununuliwa. Walipokelewa kwa sababu maisha yao yalikuwa hatarini, na sababu hiyo ilitosha.

Je, yatosha nyumbani kwetu? Mtoto ale kwa kuwa ana njaa, asome kwa kuwa ni mtoto, mke aheshimiwe kwa kuwa ni mtu. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na amtaje moyoni mtu mmoja aliyemtendea mema, kisha ajiulize: mtu huyu akinikatalia kesho, je, nitampenda bado?