Majani Yafukiwayo Tutani

Juma lililopita tulipokea bahasha kutoka Laela, mji ule mdogo wa Ufipa ulio kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Ndani yake mlikuwa na taarifa ya chama kimoja cha waamini wa kujitolea. Walikuwa wamekusanya fedha na mahindi, nyumba kwa nyumba, debe kwa debe. Walikuwa wamenunua mablanketi, sabuni na chumvi, na kuvipeleka kwa wajane, yatima na wazee wasiojiweza, kabla ya baridi ya Juni haijashika nchi ile ya juu. Pamoja na taarifa ilikuwamo picha: bibi mzee amesimama katikati ya watu waliovaa sare, blanketi mikononi, macho yake yakitazama chini. Tuliombwa kuitoa picha hiyo gazetini, ili wengine wapate moyo wa kufuata mfano.

Siku tatu baadaye ikaja barua ya pili, fupi, kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Aliyeiandika ni mjukuu wa bibi yule. Alisema kwa adabu kwamba bibi yake ashukuru sana, maana usiku hatetemeki tena. Lakini aomba picha ile isitolewe. Bibi anao watoto wake walio mbali, nao wakiiona watadhani ya kuwa mama yao amewashtaki mbele ya nchi nzima.

Wasomaji wetu wapenzi, barua hizi mbili tumeziweka mezani pamoja, na tangu hapo hatukuweza kuandika neno jingine. Walioandika ya kwanza hawakufanya dhambi; wamefanya jema. Aliyeandika ya pili hakukosa shukrani. Ameomba haki yake. Hata hivyo kati ya barua hizi mbili limesimama swali ambalo kila parokia na kila chama cha hisani chapaswa kulijibu: Je, twamsaidia mwenye shida kwa ajili yake, au kwa ajili yetu?

Tuseme kwanza lipasalo kusifiwa. Wapo watu wanaodharau michango, wakidhani ya kuwa kukusanya fedha ni jambo la dunia lisilolingana na sala. Hao hawajayasoma Matendo ya Mitume. Njaa ilipotabiriwa siku za Kaisari Klaudio, Wakristu wa Antiokia walichanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Saulo. Baadaye Mtume Paulo huyo huyo aliwafundisha Wakorintho kuweka akiba kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, ili mchango usije ukafanywa kwa haraka na kelele siku ya kuwasili kwake. Tena akawasifu Wakristu wa Makedonia, waliokuwa maskini wenyewe, kwa kuwa waliomba kama fadhili waruhusiwe kutoa.

Mtume alijua pia hatari iliyomo katika fedha za watu. Hakuzibeba peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu waliochaguliwa na makanisa, akaeleza wazi kwamba yataka uaminifu uonekane mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Basi mwenye kuomba daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya wanachama hamtukani mweka hazina. Amtendea kama Paulo alivyotaka kutendewa. Chama kisichoweza kusoma hesabu zake hadharani kwa senti na shilingi, heri kingefunga sanduku lake mpaka kitakapoweza. Maana fedha iliyotolewa na mjane ikipotea, hupotea pamoja nayo imani ya mtoto wake aliyemwona akiitoa.

Katika nyakati zilizo karibu nasi tunao mfano wa Mwenye Heri Frédéric Ozanam. Mwaka 1833 alikuwa mwanafunzi mjini Paris, mwenye umri wa miaka 20. Wenzake wasioamini walimdhihaki wakisema kwamba Kanisa lilifanya mengi zamani, lakini sasa lafanya nini? Ozanam hakujibu kwa hotuba. Tarehe 23 Aprili mwaka ule yeye na vijana wachache walikutana pamoja na Emmanuel Bailly, mtu mzima aliyewaongoza, wakaanzisha chama ambacho leo chajulikana duniani pote kwa jina la Mt. Vinsenti wa Paulo. Wala hawakujua waanzie wapi. Walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, Binti wa Mapendo aliyezifahamu nyumba za maskini wa mtaa wa Mouffetard kama vidole vya mkono wake, naye akawaonyesha milango ya kubisha.

Tuangalie mambo mawili katika desturi ya chama kile. La kwanza: hawakuwaita maskini waje kupanga mstari. Walikwenda wao, wawili wawili, wakaketi, wakasikiliza. La pili: katika mkutano wao mfuko hupitishwa kwa siri, kila mmoja akatia mkono, wala hapana ajuaye nani ametia nini. Tajiri hapati sifa, na maskini hapati aibu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa Mwenye Heri mjini Paris mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003. Kanisa likawaweka pamoja, kijana aliyetaka kutenda na mtawa aliyemfundisha namna ya kutenda.

Lakini kwa nini twende mpaka Paris? Watu wa Ufipa na wa pwani ya Ziwa Tanganyika wanaye Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo sasa Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe. Walimsomesha uganga wa kizungu huko Malta, na mwaka 1889 alifika Karema. Hapo alikaa, daktari na katekista, karibu miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuuzwa kwa bei alitoa maisha yake yote bila kujiuza tena. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Kilichomjengea jina ni kubaki pale pale mwaka baada ya mwaka, wagonjwa wakija na wakienda.

Nao wakulima wa Ufipa wanayo mafundisho yao wenyewe juu ya jambo hili, hata kama hawajayaita mafundisho. Mvua ingali inanyesha, mkulima hulima majani, akayalaza na kuyafunika kwa udongo, yakawa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Huweza kupanda maharage juu yake. Majani yale hayaonekani tena, yaoza gizani. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo hutawanywa, na ulezi au mahindi hupandwa. Apitaye barabarani ataona mimea ya kijani, atasifu shamba. Majani yaliyoilisha mimea hiyo hatayaona, na mkulima hana haja ayaone. Bwana wetu alipofundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kulia, mtu wa Ufipa alikuwa na njia fupi ya kumwelewa.

Hapo ndipo twafikia jambo zito kuliko picha na sare. Mkoa wa Rukwa ni ghala la nchi. Malori hutoka huko yamejaa mahindi, nayo hulisha miji ambayo haijui hata jina la Laela. Walakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Hapakuwa na mkoa mwingine Tanzania Bara uliozidi hapo. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hesabu imeshuka, lakini bado ilikuwa karibu nusu ya watoto wote. Nusu ya watoto, katika nchi yenye magunia mpaka darini!

Mtoto aliyedumaa hapigi kelele. Hana kidonda cha kuonyesha. Aonekana tu mfupi kuliko umri wake, na darasani huchelewa kushika somo; wazazi husema ndivyo alivyoumbwa. Sivyo. Mara nyingi mama ameondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto ameachwa kwa dada yake wa miaka minane, naye humpa uji wa mahindi matupu asubuhi, na ugali jioni. Maharage yameuzwa. Mayai yameuzwa. Karanga zimeuzwa. Maziwa wanayo wenye ng'ombe. Madaktari watuambia kwamba siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo hasa zenye kumjenga au kumwangusha, na kinachopotea hapo ni vigumu kukirudisha baadaye.

Basi twauliza kwa unyenyekevu: blanketi la bibi ni jema, na lazima liendelee kutolewa, lakini nani abisha mlango wa nyumba yenye mtoto huyu? Hakuna picha ya kupiga pale. Msaada wake haununuliwi wote dukani. Wahitaji mtu aende leo, na juma lijalo, na juma la baadaye. Wahitaji akina mama wawili watakaomsaidia mwenye mimba kulima tuta lake ili apumzike. Wahitaji jirani mwenye ng'ombe atoe kikombe cha maziwa, na mwingine aache bakuli la maharage lisiende sokoni. Wahitaji mtu wa kumsindikiza mama kliniki, na mtu wa kumwambia baba, kwa upole lakini waziwazi, kwamba yai moja kinywani mwa mwanawe lina faida kuliko shilingi za yai hilo kilabuni.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na vyama vile vile tulivyo navyo. Wanawake Wakatoliki tangu mwaka 1972 wanayo WAWATA yao. Wanaume wanao umoja wao, na vijana wao. Zaidi ya hayo kila familia inayo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambayo yajua nani amelala bila kula kabla padri hajajua na kabla karani wa serikali hajaandika. Jumuiya ikutanayo kusali Rozari na kuondoka bila kuuliza hali ya nyumba ya tatu kutoka pale, imefanya nusu ya sala.

Kwa vyama vyote vya hisani, basi, kule Laela na kwingineko, twatoa shauri hili. Pokeeni michango, lakini msisome kwa sauti kiasi cha kila mmoja, mkimpigia makofi mwenye noti na kumnyamazia mwenye sarafu. Bwana wetu pale hekaluni alimhesabu mjane mbele ya matajiri wote. Wekeni watu wawili au watatu juu ya sanduku, asiwe mmoja. Matumizi ya sare, soda na usafiri wenu yalipeni wenyewe, maana aliyetoa debe lake la mahindi alilitoa kwa mwenye njaa. Nendeni nyumbani kwa mhitaji kabla ya kumnunulia kitu, mkamwulize apungukiwa nini. Na mkishatoa, rudini tena mikono mitupu, ili ajue kwamba mlimjia yeye.

Sasa yatupasa kujihukumu wenyewe. Gazeti hili limetoa picha nyingi za namna ile. Tulipenda kuzitoa, kwa kuwa zajaza nafasi na kuwafurahisha wanaochanga. Hatukuwahi kumwuliza hata mmoja wa waliosimama katikati, macho chini, kama apenda kuonekana. Twaomba radhi kwao. Tangu toleo hili hatutachapa sura ya mtu anayepokea sadaka. Vyama vituandikie kazi vilizofanya, jinsi vilivyofanya, na hesabu zake. Nasi tutazitangaza kwa furaha, ili wengine wajifunze. Nuru na iangaze, kama Injili itakavyo, lakini imwangukie Baba wa mbinguni, isimchome macho bibi mzee.

Enyi wazazi, msingoje chama kiwafikie. Jioni hii, kabla ya sala ya familia, mwulizeni mtoto wenu mkubwa: Katika jirani zetu, nani ana shida ambayo hakuisema? Watoto huyajua mambo hayo. Kisha mtumeni na bakuli lililofunikwa, wala msimwambie amsimulie mtu. Hapo mtakuwa mmemfundisha katekisimu ambayo haisahauliki.

Na wewe mjukuu wa Laela uliyetuandikia, barua yako tumeipokea. Picha tumeirudisha kwa wenyewe. Mwambie bibi alale salama, na atuombee sisi tunaoandika, kwa sababu sala ya mtu kama yeye yafika mbali.

Mungu, aonaye sirini, awabariki nyote.