Usafi Usiojaribiwa: Suala la Uadilifu katika Riwaya ya Mapenzi ya Krismasi

Riwaya pendwa ya mapenzi ya Krismasi, hasa ile ya Marekani, ina msuko uliozoeleka. Mwanamke aliyezama katika kazi za mjini anarejea alikozaliwa. Anakutana na mwanamume mpole, aghalabu mgane mwenye mtoto. Theluji inaanguka, na katika ukurasa wa mwisho wanabusiana. Mwaka 1997 kampuni ya Harlequin ilianzisha mfululizo wa Love Inspired kwa wasomaji Wakristo wanaotaka mapenzi yasiyo na matendo ya kitandani. Msomaji wa riwaya ya aina hii huahidiwa utamu na usafi, na ahadi zote mbili hutimizwa. Mbona basi mara nyingi hukifunga kitabu akiwa hajatosheka?

Jibu jepesi ni kuulaumu usafi wenyewe. Jibu hili halina mashiko. Persuasion ya Jane Austen, iliyotolewa mwishoni mwa 1817, haina tukio la kitandani. Lakini Anne Elliot na Wentworth wanapokutana tena baada ya miaka minane ya utengano, kila neno baina yao lina uzito. Staha yao inaficha majuto, na msomaji anayahisi.

Tatizo, basi, ni kukosekana kwa uteuzi. Mhusika asiyetamani kitu hakatai kitu. Yamkini mtetezi wa riwaya hizi atamtaja Aristotle, aliyemtofautisha mwenye kujizuia, anayepambana na tamaa mbaya, na mwenye kiasi, asiyesumbuliwa nayo, akampa huyu wa pili daraja ya juu. Kwa hoja hiyo, wahusika hawa ni watu waliokamilika. Hoja ni nzito, ila inasahau kwamba kwa Aristotle kiasi ni tabia inayojengwa kwa mazoea, tendo baada ya tendo. Riwaya hizi huwapa wahusika mavuno bila ya kulima.

Hadithi fupi ya O. Henry, "The Gift of the Magi" (1905), inadhihirisha tofauti hiyo. Nayo pia ni ya Krismasi, tamu na safi. Della anauza nywele zake kwa dola 20 ili amnunulie mumewe Jim mkufu wa saa. Jim naye ameiuza saa ili amnunulie Della vitana vya nywele. Zawadi zote mbili hazitumiki tena, ila msomaji ameona kila mmoja alichokitoa. Utamu wa hadithi umetokana na gharama.

Kwa hiyo kasoro ya riwaya tunayoijadili ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kifani. Inadai kuutukuza usafi, kumbe inaufanya uonekane rahisi. Anayedhulumiwa zaidi si msomaji anayeubeza usafi huo. Ni yule anayejitahidi kuishi nao na kuijua gharama yake, kwani humo hajioni.