Sura ya Kesho

Ngano ya bibi huisha usiku uleule: sungura hushinda, mtoto hulala. Kitabu cha sura nyingi hakina huruma hiyo. Hukatika katikati, na mtoto hulala na jambo ambalo halijaisha. Kwa hiyo kukichagua ni jambo la maadili.

Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kwa amri ya jini, Adili, mtu mwema, huwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake. Nikimsomea mdogo wangu wa miaka minane, naweza kuiruka mijeledi; haoni ukurasa, husikia sauti yangu tu. Darasani kwetu uzamili tungesema nimehariri. Lakini msikilizaji aliyefumba macho hana namna ya kuhakiki, ameniamini. Tena, nikificha kipigo, siku ndugu hao watakapofunguliwa atafurahia nini?

Basi kabla ya kufungua sura ya kwanza najiuliza mawili: niko tayari kukisoma chote? Na kesho usiku nitakuwepo?