Tufuate Moyo au Hesabu?

Siku ya posho mchana, Butembo kama Beni, tunawaona vijana wengi, na wazee pia, wamesimama mbele ya vibanda vya pari na vikaratasi mkononi. Mpira unachezwa Ulaya, lakini franga zinatoka mifukoni mwetu. Farasi wa mashindano hatuna. Mbio zao ni za mbali, kama kule Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Walakini jambo ni lile lile: kukisia nani atashinda, na kuweka feza juu yake.

Juzi tuliwasikia watu wawili wakibishana. Wa kwanza alisema: "Mimi nafuata moyo. Nikiamka na jina la timu, ndiyo hiyo." Wa pili akamjibu: "Ndugu yangu, unapoteza feza bure. Mimi nahesabu: magoli mangapi, nani ameumia, nani anacheza kwao." Kisha wakatuuliza: "Na ninyi mnasemaje?" Siku ile hatukujibu vizuri. Tujaribu leo.

Kwanza, tusidharau moyo. Tumtazame mnunuzi wa kahawa. Anatia mkono katika gunia, anauma punje moja, anasema: "Hii haijakauka." Hakupima kitu, na mara nyingi anasema kweli. Kwa nini? Kwa sababu ameshika magunia mengi sana, na kila alipokosea, hasara ilimfundisha. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa mambo ya akili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika pamoja juu ya jambo hilo. Mawazo yao yalikuwa mbalimbali, lakini walipatana katika neno hili: moyo wa mtu mzoefu unaaminika pale mambo yanapokwenda kwa utaratibu, na pale anapopata nafasi ya kujifunza utaratibu huo kwa kuonyeshwa makosa yake.

Je, mtu wa pari anajifunza hivyo? Akishinda, anawasimulia majirani mwaka mzima. Akishindwa, anatupa kikaratasi njiani, na fundisho linatupwa pamoja nacho. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, tusiabudu hesabu. Mmarekani mmoja, William Benter, alijulikana kwa kuhesabu mbio za farasi huko Hong Kong kwa kompyuta. Mwaka 1994 aliandika juu ya kazi hiyo. Hakutegemea hesabu zake peke yake; alizichanganya na bei za pari, zinazoonyesha mawazo ya watu wote walioweka feza. Maana watu wale walijua mambo ambayo kompyuta haikuambiwa. Basi hata bingwa wa hesabu alihitaji macho ya wengine.

Je, yule wa pili ameshinda, akiongeza moyo kidogo juu ya hesabu zake? Bado. Amehesabu magoli, hakuhesabu kibanda. Tuchukue mfano. Kwa kila franga moja, kibanda kinaahidi 2.00 timu ya kwanza ikishinda, 3.20 zikitoka sare, 3.60 timu ya pili ikishinda. Mtu akitaka kupokea franga 1,000 hata mchezo uishe namna gani, itampasa kuweka 500 juu ya timu ya kwanza, 313 juu ya sare, na 278 juu ya timu ya pili. Jumla ni 1,091. Ametoa 1,091 ili apokee 1,000! Zile 91 ni chakula cha mwenye kibanda. Na akiunganisha michezo mitano ya namna hiyo katika kikaratasi kimoja, ingawa anaahidiwa utajiri, kwa wastani katika kila franga 1,000 zitarudi kama 650 tu. Kwa hiyo haitoshi kujua mpira. Ni lazima kujua kuliko bei yenyewe, na kuipita kwa mbali. Nani kwetu anajua hivyo?

Tatu, liko swali ambalo moyo hauliulizi wala hesabu hailijibu: feza hizi ni za nani? Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2413, haisemi kwamba kila pari ni dhambi. Inasema kwamba pari inakuwa mbaya inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Baba anaporudi jioni na kusema, "Moyo uliniambia," tunamwuliza: na mama, aliyeweka feza ile kwa ajili ya dawa, alimwambia nani? Moyo wa baba ulisema. Tumbo la mtoto halikuulizwa.

Basi, ndugu zetu wawili, jibu letu ni hili. Nunueni daftari. Kabla ya mchezo andikeni timu, sababu, feza, na feza hiyo ilitoka wapi. Baada ya mchezo andikeni iliyorudi. Mwezi ukiisha, fanyeni jumla, mkaisome kwa sauti nyumbani, mbele ya mama watoto. Hapo moyo na hesabu vitakaa meza moja. Na mtu akiona kwamba hawezi kuisoma mbele yake, hana haja ya kutuuliza tena.