PICHA YA HOTELI ISIYO NA JINA

Miongoni mwa picha za kale za pwani yetu zimo nyingi zisizo na maelezo. Tuseme mbele yetu iko moja: hoteli ya ghorofa, roshani yenye nguzo, minazi pembeni, na mlangoni wanaume watatu waliovaa kanzu nyeupe. Nyuma yake hapakuandikwa neno. Je, picha kama hii yatudai nini sisi tuliozaliwa baadaye?

Wapo wanaofanya haraka kuipa jina. Husema, "Hii ni Kaiserhof," kwa kuwa hoteli hiyo ilisifika mjini Dar es Salaam zama za utawala wa Wajerumani, uliokoma mjini humo mwaka 1916. Baadaye iliitwa New Africa, na jengo lake la kwanza halipo tena. Lakini kufanana si ushahidi. Roshani na nguzo zilikuwapo pia Tanga, Bagamoyo na Unguja. Dhana ikiandikwa chini ya picha, mwalimu huinakili ubaoni, mwanafunzi huibeba nyumbani, na miaka ikipita hugeuka kuwa historia. Afadhali kuandika "haijulikani" kuliko kuliachia taifa urithi wa uongo.

Hata hivyo, kutojua si ruhusa ya kulala. Yatupasa kutazama muhuri wa posta, jina la mpiga picha, kama vile A. C. Gomes au Coutinho wa Unguja, umbo la milango, na hata upande kinakoangukia kivuli. Kisha tuwaendee wazee, kwani kuuliza si ujinga.

Lakini hapa ndipo penye swali zito zaidi. Twahangaika kulitafuta jina la nyumba. Ni nani ahangaikaye kuyatafuta majina ya wale watatu mlangoni? Mwenye hoteli aliweza kuandika jina lake juu ya mlango. Aliyechoma matumbawe yakawa chokaa, aliyekata boriti mikokoni, aliyepika na aliyefua, hawakuandikwa popote. Na mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa "boi". Kumvua mtu jina lake ni kumpunguzia utu.

Ndiyo maana hatukubaliani na wasemao kwamba picha za namna hii ni aibu ya ukoloni, zichomwe moto. Faida ilikuwa ya wengine, lakini jasho lilikuwa letu. Na penye jasho letu pana haki yetu ya kukumbuka. Tukiichoma picha, tutakuwa tumewafuta wale watatu mara ya pili.

Basi, ndugu walimu na wanafunzi, majina yaliyopotea huenda tusiyapate yote. Ya leo yamo mikononi mwetu. Kila picha ya shule ipigwapo, na iandikwe nyuma yake mahali, mwaka na majina ya wote waliosimama, mpishi na mlinzi wakiwamo.