MTETEZI AKIPEWA KITI



Liko swali ambalo kila mtu anayesema kwa niaba ya wanyonge hana budi kulijibu: siku atakapopewa kiti cha mbele, je, atawakumbuka waliobaki wamesimama? Tulitazame swali hili kwa kumfikiri mtu mmoja wa Bara Hindi, George Fernandes, aliyefariki mjini Delhi tarehe 29 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 88.

Alizaliwa Mangalore katika nyumba ya Wakatoliki, na alipofika miaka 16 alipelekwa seminari ya Bangalore asomee upadre. Hakumaliza. Alichukizwa kuona ya kuwa wakuu wa seminari walikula chakula bora na kuketi mahali pa juu kuliko wanafunzi, hali wote walihubiri unyenyekevu. Akaenda Bombay, akalala nje ufukoni, mpaka akapata kazi ya kusahihisha chapa gazetini. Huko akajiunga na wafanyakazi wa bandari, akawa msemaji wao.

Mwaka 1974, akiwa rais wa shirikisho la wafanyakazi wa reli, aliitisha mgomo mkubwa. Madereva wa treni walitaka siku ya kazi ya saa nane. Serikali iliwakamata maelfu, na baada ya majuma matatu hivi mgomo ukavunjika. Ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1975 alijificha, akakamatwa mwaka uliofuata, akashtakiwa kwamba alikula njama ya kulipua reli kwa baruti. Mashtaka hayo yalifutwa serikali ilipobadilika mwaka 1977. Katika uchaguzi wa mwaka huo watu wa Muzaffarpur walimchagua kuwa mbunge akiwa bado gerezani.

Ndipo viti vikaanza kuja. Akawa Waziri wa Viwanda, kisha wa Reli, na tangu 1998 wa Ulinzi. Je, alisahau? Husimuliwa ya kuwa maofisa wa wizara walipochelewesha vyombo vya kusafiria juu ya theluji kwa askari wa Siachen, aliwaamuru waende wenyewe kwenye barafu ile wakaone. Yeye naye alikwenda huko mara nyingi. Lakini ni waziri huyo huyo, aliyekuwa mpinzani wa silaha za nyuklia, aliyeyatetea majaribio ya mabomu hayo mwezi Mei 1998.

Wako watakaosema kwamba mwenye kubeba nchi huona mambo asiyoyaona mwenye kubeba bango. Ni kweli, nasi hatumhukumu. Ila tunaona jambo moja. Askari wa Siachen aliwatembelea, akahisi baridi yao. Wale ambao bomu lingewaangukia, hakuna awezaye kuwatembelea kabla. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hawakusema ya kuwa mwenye shibe ni mtu mbaya. Hajui tu, kwa kuwa amekaa mbali. Basi moyo mwema peke yake hautoshi. Inampasa mwenye kiti ainuke mara kwa mara, aende mahali wanaposimama wengine.

Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza kwa habari ya tajiri kupewa kiti kizuri na maskini kuachwa amesimama. Nasi tunavyo viti vyetu. Sikukuu ya mtaa inapofika, iko meza kuu yenye kitambaa na soda, na wako akina mama waliopika tangu alfajiri ambao hula mwisho, kilichobaki. Yuko mlinzi wa kanisa, ambaye mshahara wake hujadiliwa barazani naye hayupo. Yuko msichana wa kazi nyumbani kwetu, ambaye hatukuwahi kumwuliza siku yake ya kazi ina saa ngapi.

Kijana yule wa Bangalore aliondoka kwa sababu ya meza. Ni nani anayeiangalia yetu?